Paa la Kukunja Limegoma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa

Unabonyeza kitufe, paa la gari halisogei. Unabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe kina uziwi. Kabla hujang'oa kapeti la buti wala kuagiza pampu mpya, jiulize swali moja: paa limekataa kuanza, au limejaribu likashindwa?

Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Paa lililokataa mara nyingi ni zima. Kompyuta ya gari imeona sharti fulani halijatimia, ikazuia umeme usifike kwenye mota. Paa lililoshindwa limepata amri, ila umeme ni hafifu, oili imepungua, kebo imekatika au chuma kimekwama. Watu wengi hununua pampu kutibu ugonjwa wa kwanza, na pampu mpya nayo inakaa kimya vilevile. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kuanza na yasiyogharimu kitu, kisha kuelekea kwenye yale ya kufungua na kupima.

Kabla hujagusa chochote

Fremu ya paa ina viungo vingi vinavyokutana chuma kwa chuma, na mota haijui kama katikati kuna kidole. Kila unapoingiza mkono ndani ya fremu, ondoa ufunguo, au fungua waya wa hasi wa betri kabisa. Paa lililosimama nusu njia, au kifuniko cha nyuma kilichobaki wazi, kitegemeze kwa ubao imara. Mfumo wa haidroliki, yaani unaosukuma paa kwa presha ya oili, unaweza kupoteza presha bila kukuaga, na kifuniko kile ni kizito kuliko kinavyoonekana.

Usiendeshe gari likiwa na paa nusu angani, hata kwa mwendo mdogo. Upepo unaingia chini ya turubai na kupinda fremu, na fremu iliyopinda ni kazi ngumu kuliko karibu kila kosa linaloelezwa hapa.

Kulifunga kwa mkono ikibidi

Wingu likiwa limetanda, huna muda wa kupima waya. Karibu kila gari la aina hii lina njia ya dharura, na kitabu cha mwenye gari kinaieleza. Kwenye mifumo ya haidroliki kwa kawaida kuna vali ya kuachia presha kwenye pampu yenyewe, ndani ya buti au nyuma ya kiti. Unaizungusha kwa bisibisi au spana ya L ili oili ipite huru, kisha watu wawili wanainua paa taratibu, mmoja kila upande. Mtu mmoja akivuta upande mmoja, fremu inajikunja.

Ukiinua bila kufungua vali, unapigana na oili iliyofungiwa ndani ya silinda. Na ukishamaliza, kumbuka kuifunga. Vali iliyoachwa wazi ni sababu mojawapo ya pampu kuunguruma vizuri kabisa huku paa halisogei hata kidogo, kwa hiyo ukinunua gari lililotumika na ukakuta dalili hiyo, anza na vali.

Masharti ambayo gari linataka

Sasa keti kwenye kiti cha dereva na upitie masharti moja moja. Gari moja huwasha taa kwenye dashibodi au hupiga mlio likikosa kitu. Jingine hunyamaza tu.

- Swichi iwe ON, na ikiwezekana injini iwe inaunguruma.
- Gari liwe limesimama, mahali tambarare. Baadhi huruhusu paa lisogee kwenye mwendo wa polepole, lakini unapotafuta kosa, simama kabisa.
- Gia iwe kwenye P kwa gari la otomatiki, na handbreki iwe imevutwa. Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, haisogezi paa mpaka handbreki iwe juu.
- Loki za mbele, kama ni za kufungua kwa mkono, ziwe zimefunguka hadi mwisho.
- Buti liwe limefungwa, na kizuizi cha mizigo ndani yake kiwe mahali pake.
- Vioo vya madirisha viweze kushuka.
- Hewa isiwe ya baridi kali. Kuna magari ambayo hukataa karibu na nyuzi za kuganda ili turubai na dirisha la plastiki visipasuke.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kompyuta haioni handbreki. Inaona swichi ndogo iliyo chini yake. Vuta handbreki na uangalie taa yake kwenye dashibodi. Isipowaka, gari linaamini bado hujaivuta. Vilevile kwa buti: ikiwa dashibodi inaonyesha buti liko wazi ilhali umelifunga, kosa umeshalipata, nalo liko kwenye loki ya buti wala si kwenye paa.

Kizuizi cha mizigo ndicho kinachosumbua watu kuliko vyote. Kinaweza kuwa pazia la kuvuta au trei ya plastiki, na kazi yake ni kuhakikisha paa linapata nafasi ya kulala bila kukuta begi. Mwisho wake una ndoana au sumaku inayogusa sensa upande mmoja tu. Ukikifunga upande wa kushoto kikakaa vizuri, na upande wa kulia kikabaki milimita chache nje, kwa macho kimefungwa, kwa gari hakijafungwa. Kitoe, kirudishe, bonyeza pande zote mbili mpaka usikie mlio wa kuingia.

Betri

Mota ya paa inakula umeme mwingi, na kompyuta nyingi hukataa kuanza zikiona volti zimeshuka. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji. Injini ikiwa inaunguruma, mita isome kati ya 13.5 na 14.5.

Kipimo chenye maana zaidi ni cha wakati wa kazi. Weka mita kwenye betri, mwombe msaidizi abonyeze kitufe, na uangalie namba zinavyoanguka. Zikiporomoka chini ya 10.5, usiendelee na kitu kingine mpaka betri ichajiwe na kupimwa. Betri inayoweza kuwasha gari asubuhi si lazima iweze kusukuma paa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo usijidanganye kwa sababu stata imezunguka.

Angalia pia vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo usafishe kwa brashi na kaza nati. Kama betri ilifunguliwa hivi karibuni, madirisha huenda yamesahau mwisho wao. Kwenye magari mengi unainua kioo hadi juu na kuendelea kushikilia kitufe kwa sekunde chache, dirisha moja baada ya jingine. Paa lililogoma baada ya kubadilisha betri mara nyingi hupona hapo.

Sikiliza

Zima redio na feni. Mtu mmoja abonyeze kitufe, mwingine aweke sikio karibu na mota, ambayo kwa kawaida iko ndani ya buti, nyuma ya kiti au kwenye ukuta wa pembeni.

Kimya kabisa: amri haijafika. Rudi kwenye masharti, kisha nenda kwenye fyuzi, swichi na sensa.

Mlio mmoja wa "tik" na basi: rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, imefanya kazi, umeme umekwama kati yake na mota, au mota yenyewe imekufa.

Mngurumo bila kusogea: mota ni nzima. Tafuta vali iliyo wazi, oili iliyopungua au kebo iliyokatika.

Paa linaanza kisha linasimama mahali palepale kila mara: karibu siku zote ni sensa, au kuna kitu kinazuia. Likisimama mahali tofauti kila mara, shuku betri, kiunganishi kilicholegea, au mota iliyopata joto. Mota nyingi zina kinga ya joto. Ukicheza na paa mara nyingi mfululizo inajizima. Iache ipoe nusu saa kabla hujaanza kuituhumu.

Na kama paa linafunguka lakini halifungi, umepewa zawadi. Mota na pampu za mifumo mingi huzunguka pande zote mbili kwa kugeuza chanya na hasi, kwa hiyo upande mmoja ukifanya kazi, mota, fyuzi kubwa na athi (waya wa hasi ulioungwa kwenye bodi) ni vizima. Kosa liko kwenye rilei ya upande ule, kitufe, au sensa ya hatua inayofuata.

Fyuzi, rilei na kitufe

Kwa kawaida kuna fyuzi mbili: kubwa ya mota, mara nyingi ya ampea 30 au 40, na ndogo ya kompyuta ya paa. Watu huangalia kubwa na kusahau ndogo. Usiikague fyuzi kwa macho tu. Gusa ncha zake mbili kwa taa ya kupimia ikiwa mahali pake na swichi ikiwa ON. Taa iwake pande zote mbili. Fyuzi iliyoungua ukiibadilisha ikaungua tena, acha. Kuna waya unapiga shoti au mota imekwama. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuutafutia moto njia.

Magari mengi ya zamani ya Marekani hayana fyuzi ya paa, yana kikata umeme kinachojirudisha chenyewe kikipoa. Dalili yake ni paa linalosogea kidogo, linakufa, kisha baada ya muda linafufuka lenyewe.

Rilei ni rahisi kuijaribu: tafuta nyingine yenye namba ileile kwenye boksi la fyuzi, kama ya honi, na ubadilishane. Kwanza weka kidole juu yake msaidizi anapobonyeza kitufe. Utasikia mtikisiko mdogo kama inafanya kazi. Lakini mtikisiko hauthibitishi kwamba umeme unapita. Ndani ya rilei kuna vikontakti vinavyoungua na kuwa vyeusi, vikagusana bila kupitisha kitu.

Kitufe nacho huchoka, hasa kwa kuwa kinakaa chini ya anga wazi kila paa linapofunguliwa. Vumbi, jasho na matone ya mvua huishia hapo. Kama unaweza kukitoa bila kuvunja dashibodi, pima kama njia inaunganika unapobonyeza pande zote mbili.

Waya na athi

Hapa taa ya kupimia inaishinda mita. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Ukiutwika mzigo wa mota, unakata tamaa. Tumia balbu ya gari yenye nguvu, kama ya indiketa, uone kama inawaka kwa mwanga wake wa kawaida.

Kisha pima upotevu. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya mota, msaidizi abonyeze kitufe. Usomaji ukizidi takriban nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fanya hivyohivyo kwa upande wa hasi. Kwenye gari la miaka mingi, athi ndiyo ya kushukiwa kwanza: fungua boliti inayoshika waya kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza tena.

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni bawaba ya buti. Waya hupita pale ndani ya mpira, na kila ukifungua na kufunga buti zinakunjwa. Baada ya miaka, shaba inakatika ndani huku ganda la plastiki likionekana zima. Vuta mpira nyuma, shika waya mmoja mmoja kwa vidole na uuvute polepole. Mzima haunyooki. Uliokatika ndani unanyooka kidogo, kwa kuwa unachovuta ni ganda tupu. Usiunge kwa kusokota na kufunga tepu. Waya utakatika tena palepale. Weka kipande kipya cha waya laini, chenye urefu wa kuvuka bawaba yote, ili maungio yakae mahali pasipokunjwa.

Ukishafika kwenye mota yenyewe na balbu inawaka vizuri kwenye kiunganishi chake, lakini mota haizunguki, imekufa au brashi zake za kaboni zimekwisha. Igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi huku kitufe kimebonyezwa. Ikiamka, brashi zimechoka, na haitaamka hivyo kwa muda mrefu. Mota ya waya mbili unaweza kuichomoa na kuilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia waya wenye fyuzi, kwa sekunde moja au mbili. Usifanye hivyo kwenye kiunganishi cha waya nyingi kinachotoka kwenye kompyuta. Utachoma kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Pampu inaunguruma, paa halisogei

Kama vali ya dharura imefungwa, tafuta oili. Inua kapeti la buti, pitisha karatasi nyeupe chini ya pampu, kwenye paipu na kwenye mashina ya silinda. Mercedes-Benz SL ya R129, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2001, inajulikana kwa silinda za loki ya mbele kuvuja na kudondosha oili juu ya abiria, kwa hiyo usiangalie nyuma peke yake.

Kiwango cha oili hupimwa paa likiwa kwenye hali iliyotajwa na kitabu, na kwa mifumo mingi hiyo ni silinda zote zikiwa zimerudi ndani. Sababu yake ni rahisi: shina la silinda linaporudi ndani linachukua nafasi, na oili inasukumwa kurudi kwenye tangi. Ukijaza tangi hadi mstari wa juu huku silinda zimetoka, zitakaporudi oili itafurika ndani ya buti.

Aina ya oili si jambo la kubahatisha. Magari mengi ya Marekani yametumia ATF, ile ya giaboksi ya otomatiki. Mengi ya Ulaya yana oili yake maalumu ya haidroliki. Ya zamani sana yalitumia oili ya breki. Ukichanganya oili ya breki na ya madini, sili za mpira zinavimba na kuharibika, na badala ya silinda moja kuvuja utakuwa na mfumo mzima wa kufungua.

Ukishaongeza, toa hewa kwa kufungua na kufunga paa mara kadhaa, ukiangalia tangi kila mzunguko. Mtikisiko na sauti ya kukoroma vitapungua. Visipopungua, hewa bado inaingia mahali fulani.

Kwenye mifumo ya kebo mambo ni tofauti. Boxster hiyohiyo ina mota moja katikati inayozungusha kebo mbili kuelekea giaboksi ndogo za pembeni. Kebo moja ikikatika, upande mmoja unainuka na mwingine unabaki. Ukiona paa linakwenda mshazari, ondoa kidole kwenye kitufe papo hapo.

Sensa, wanaosema uongo

Zamani swichi za kikomo, zinazobonyezwa sehemu inapofika mwisho wake, zilifanya kazi hii bila kompyuta. Ford Skyliner ya 1957 hadi 1959 ilikunja paa zima la chuma kwa mota, rilei na waya zaidi ya mita 180. Leo kompyuta inauliza kila hatua: loki imefunguka? kifuniko kimeinuka? paa limelala? Jibu moja likikosekana, hatua inayofuata haianzi.

Ndiyo maana mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta, ina thamani hapa kuliko bisibisi. Lakini iwe mashine inayoweza kuingia kwenye kompyuta ya paa, si ile ndogo inayosoma injini peke yake. Ukishaingia, usiishie kwenye kodi. Fungua data hai, sogeza sehemu moja moja kwa mkono, na uangalie kama hali yake inabadilika kwenye skrini. Sensa inayosema "imefungwa" wakati unaona kwa macho iko wazi ndiyo mkosaji. Kabla ya kuibadilisha, isafishe na uangalie kama imehama kutoka mahali pake. Mara nyingi kibano chake cha plastiki kimevunjika, na sensa yenyewe ni nzima.

Wakati huohuo kagua turubai. Ndani yake kuna mikanda ya mpira inayovuta kitambaa kisiingie kwenye viungo. Ikikatika, kitambaa kinanaswa, mota inabanwa na kompyuta inasimamisha kila kitu.

Maji, na majaribio ya mwisho

Ukiwa umefungua buti, tafuta matundu ya kutolea maji kwenye kona za nyuma ambako paa hulala. Majani na tope huziba hapo, na maji yakijaa hutafuta mota au kompyuta. BMW Z4 ya kizazi cha kwanza ina mota ya paa iliyokaa mahali ambapo maji hutuama tundu likiziba, na mota hiyo hufa kwa kuzama. Kwenye Boxster, maji hushuka hadi kwenye kompyuta iliyo chini ya kiti. Zibua kwa uzi laini wa plastiki, si waya mgumu unaotoboa au kung'oa paipu ndani, kisha mimina maji kikombe kimoja na uone yakitokea chini ya gari.

Mzunguko wa kwanza baada ya kutengeneza ufanye ukiwa na msaidizi nje ya gari, injini inaunguruma, na kidole tayari kuachia kitufe. Msaidizi aangalie kama pande zote mbili zinakwenda sawa. Pumzisha mota kati ya mzunguko na mzunguko, pima oili tena, pitisha karatasi nyeupe kwenye maungio. Plastiki na kapeti zirudishe baada ya mizunguko mitatu bila tone wala kusita. Klipu za magari haya huvunjika kwa urahisi, na hutapenda kuzifungua mara ya pili.